Toronto: nyumba jirani, njia ndefu

Familia inayohamia Toronto, iwe imetoka Maskati au Unguja, huuliza kwanza kodi, halafu shule. Kuna swali la tatu: hii barabara ya mbele ya nyumba inatokea wapi?

Mji ulianza 1793, gavana Simcoe alipopanga vitalu 10 kando ya Ziwa Ontario. Mashamba ya nje yakagawanywa kwa barabara zilizonyooka, kama kilomita 2 baina ya moja na nyingine. Yonge, Bathurst na Dufferin bado zinafuata mistari ile. Katikati ya mji mitaa ikajazwa humo humo, ikikatana kila baada ya hatua chache. Ukikuta njia imefungwa unakata kushoto, unatokea.

Bonde la mto Don lilikuwa kizuizi. Daraja la 1918 likaunganisha Bloor na Danforth, na wajenzi wakaacha nafasi ya treni chini yake. Treni yenyewe ilipita 1966! Hao ndio waliofikiria wajukuu.

Mambo yaligeuka na Don Mills, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1950. Barabara zikapindwa makusudi, gari za wapita njia zisiingie. Wazazi walipenda, na haki yao: mtoto anacheza nje bila wasiwasi. Don Mills ilikuwa na vijia vya miguu. Mitaa mingi iliyoiga ilichukua mapindo, vijia ikaviacha. Ndiyo maana unaiona nyumba ya rafiki yako nyuma ya ua, na kuifikia ni mwendo wa kuzunguka.

Tazama Thorncliffe Park, wanakoishi Waislamu wengi. Zamani palikuwa uwanja wa mbio za farasi, na barabara yake ya ndani inazunguka kama kiatu cha farasi, inarudi kule kule Overlea. Mabonde yameizunguka. Kwenda Flemingdon Park, mtaa jirani, watu wanategemea daraja la Overlea.

Si kwamba barabara lazima zinyooke. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikupimwa kwa rula, lakini karibu kila kimoja kinakutokeza kwenye kingine.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, fungua ramani ya simu, chagua mwendo wa miguu, upime kutoka mlangoni hadi shule, duka na kituo cha basi. Kisha fikiria njia hiyo hiyo mwezi wa Januari, theluji imejaa, na bibi amekushika mkono.