Kabla hujapiga risasi kwenye chuma, jua vipande vinakwenda wapi

Ukipiga shabaha ya karatasi, inabidi utembee mpaka mbele ukahesabu matundu. Ukipiga chuma, kinalia hapo hapo na unajua umepata. Ndiyo maana watu wengi wanaofanya mazoezi ya silaha wanakipenda.

Tatizo ni kwamba risasi ikigonga chuma haipotei. Vipande vyake lazima viende mahali, na chuma kikiwekwa vibaya, mahali penyewe panaweza kuwa jicho lako.

Liparamba, wilayani Nyasa mkoani Ruvuma, jambo hili si la kwenye filamu. Kuna Pori la Akiba la Liparamba, karibu na mpaka wa Msumbiji, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Kwa askari wa uhifadhi, bunduki ni kitendea kazi. Na ukiumia jicho huko, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Songea. Kutoka Mbinga mjini tu hadi Songea ni takribani kilomita 100.

Fikiria bomba na kijiko

Fungulia maji ya bomba juu ya sahani bapa: yanatawanyika pembeni. Sasa weka kijiko: yanakurukia usoni.

Risasi ya kawaida ni madini laini ya risasi yaliyofunikwa shaba. Ikigonga chuma kigumu na bapa kwa kasi, inapasuka na vipande vinatawanyika kufuata uso wa chuma, yaani juu, chini na pembeni. Chuma chenye shimo, kilichopinda au chenye kichwa cha bolti kilichojitokeza kinafanya kazi ya kijiko. Vipande vinarudi kwa aliyepiga.

Si kila chuma kinafaa

Bati nene la kwa fundi wa kuchomelea, sahani ya plau au springi ya lori visitumike. Chuma laini kinabonyea, na kila kibonyeo ni kijiko kipya.

Vibao vya shabaha hutengenezwa kwa chuma kilichofanywa kigumu maalumu, kiasi cha 500 kwenye kipimo cha ugumu cha Brinell. Hata hicho kina mwisho. Kikiota mashimo au kikipinda, kiondolewe siku hiyo hiyo.

Kibao kining'inizwe kwa mnyororo kiweze kucheza, na kiinamishwe mbele kidogo ili vipande vielekee ardhini. Nyuma yake kuwe na tuta refu la udongo lisilo na mawe.

Simama mbali

Kwa bastola, kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha, zinataka umbali usiopungua mita 7. Watengenezaji wengi wa vibao wanashauri mita 10 au zaidi. Kwa bunduki ndefu za rifle, anzia kama mita 100.

Umbali huo si wa mpigaji peke yake. Anayetazama, anayesubiri zamu na anayepiga picha kwa simu, wote wakae nyuma ya mstari wa kupigia.

SMG na gobore ni habari nyingine

Risasi nyingi za kijeshi za AK-47, ambayo wengi huiita SMG, zina kiini cha chuma ndani. Hizo zinaharibu kibao, na kiini kinaweza kudunda kikiwa kizima. Pima kwa sumaku: ikinasa kwenye kichwa cha risasi, usiipige kwenye chuma. Sumaku inaweza kuwa imenasa ganda la nje tu, lakini kwa nje huwezi kujua, kwa hiyo iache.

Gobore ni hatari zaidi. Mara nyingi hushindiliwa gololi au vipande vya nondo. Hivyo ni vigumu na vinakwenda taratibu kuliko risasi ya rifle, kwa hiyo havipasuki, vinadunda tu kama mpira. Gobore na shabaha ya chuma visikutane kabisa.

Macho, masikio, mikono

Miwani ya kinga inayofunika mpaka pembeni ivaliwe na kila aliyepo, hata asiyepiga. Miwani ya jua ya mtaani haikingi. Masikio yazibwe pia, kwa sababu usikivu ukiharibiwa na mlio haurudi.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Risasi ikipasuka inaacha vumbi la madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Nguo za mazoezi zifuliwe peke yake.

Sheria inasemaje?

Kumiliki silaha Tanzania kunahitaji leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuingia na silaha ndani ya pori la akiba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo kutundika chuma kwenye mti porini na kuanza kujifunza kulenga, hata kama bunduki ina leseni, kunaweza kukupeleka mahakamani.

Mazoezi ni kwenye uwanja wa shabaha wenye msimamizi. Na kama chuma kilichopo kina shimo hata moja, bandika karatasi mbele ya tuta la udongo. Utatembea kidogo kwenda kuhesabu matundu, lakini macho yako yatakuwa salama.