Majina Mawili Mgongoni mwa Kijiko: Fedha ya Mezani ya Marekani na Maduka Yaliyoiuza

Kijiko cha fedha kilichotengenezwa Marekani katika karne ya 19 huweza kubeba majina mawili mgongoni mwa mpini wake, la kiwanda kilichokitengeneza na la duka la vito lililokiuza, na mara nyingine hubeba la duka peke yake, jambo linalowapotosha wengi wanaodhani kuwa aliyeandikwa ndiye aliyefua. Chimbuko la desturi hiyo ni suala la dhamana. Nchini Uingereza, ofisi maalumu zilipima madini na kuyapiga mhuri kabla bidhaa haijauzwa, lakini Marekani haikuwa na mfumo wa kitaifa wa namna hiyo, na ingawa mji wa Baltimore uliweka upimaji wa lazima kati ya 1814 na 1830, kwingineko mnunuzi alitegemea sifa ya sonara wake.

Katika nusu ya kwanza ya karne hiyo masonara wengi walitumia kile kilichoitwa fedha ya sarafu, yaani fedha yenye ubora unaokaribia ule wa sarafu za nchi, ambao mwaka 1837 uliwekwa kuwa sehemu 900 za fedha safi katika kila 1,000, zilizosalia zikiwa za shaba inayoongeza ugumu. Mwaka 1851 Tiffany & Co. ya New York ilianza kufuata kiwango cha Kiingereza cha sehemu 925, kampuni ya Gorham ya Providence ikafanya hivyo mwaka 1868, na hatimaye neno STERLING, linalotaja kiwango hicho, likawa alama ya kawaida, hata kabla sheria ya shirikisho ya 1906 haijapiga marufuku alama za uongo kuhusu ubora wa fedha na dhahabu.

Wakati huohuo kazi yenyewe ilihama kutoka mikononi mwa fundi hadi kwenye mitambo, kwa kuwa viwanda viliweza kugandamiza bamba la fedha ndani ya kalibu za chuma cha pua na kutoa nakshi ileile kwa maelfu, huku machimbo ya Nevada, yaliyogunduliwa mwaka 1859, yakiongeza fedha sokoni. Sonara wa mjini hakuweza kushindana na kasi hiyo, hivyo aliagiza bidhaa kiwandani, zikapigwa jina la duka lake, naye akabaki na kazi ya kumshauri mteja kuhusu nakshi, kuchonga herufi za jina la bibi harusi na kumuuzia vipande vya kukamilisha seti. Galt ya Washington, Shreve ya San Francisco na Bailey, Banks & Biddle ya Philadelphia ni miongoni mwa majina yanayoonekana kwa namna hiyo. Mfano maarufu ni kijiko cha ukumbusho chenye sura ya mchawi, kilichouzwa na Daniel Low wa Salem, mji uliojulikana kwa kesi za uchawi za 1692: jina la Low ndilo lililokipa umaarufu, ilhali kilitengenezwa na kiwanda cha Durgin cha Concord, New Hampshire.

Tarakimu nazo zahitaji uangalifu. Mwaka unaofuata herufi PAT. ni wa kusajiliwa kwa haki za nakshi, si wa kutengenezwa kwa kijiko. Nakshi ya Gorham iitwayo Chantilly, iliyoanza mwaka 1895, iliendelea kutolewa kwa miongo mingi. Hali kadhalika, 1847 katika maandishi 1847 ROGERS BROS. ni sehemu ya jina la biashara, na vijiko hivyo ni vya metali ya bei nafuu iliyopakwa tabaka jembamba la fedha kwa umeme.

Kwa hiyo mchunguzi makini huanza na alama ya ubora, akatafuta alama ya kiwanda, kama vile simba, nanga na herufi G za Gorham, kisha ndipo akasoma jina la duka, ambalo, hata lisipomtaja fundi, humjulisha ni nani aliyeibeba dhamana mbele ya mnunuzi.