Uhandisi wa Viwanda na Safari ya Jani la Chai

Mhandisi anapotajwa, wanachama wengi hufikiria madaraja, mitambo na umeme. Lakini iko elimu nyingine ya uhandisi isiyofahamika sana vijijini, ingawa inahusu mambo yanayomsumbua mkulima wa chai kila siku ya mavuno. Elimu hiyo ni uhandisi wa viwanda na mifumo. Mwenye elimu hiyo haitazami mashine moja peke yake. Huchunguza jinsi watu, mashine, vifaa, wakati na fedha vinavyotegemeana, na wapi jasho la watu linapotea bure.

Asili yake

Mwanzoni mwa karne ya 20, nchini Marekani, Frank Gilbreth, aliyeanza maisha ya kazi kwa uashi, alichunguza namna mafundi wanavyojenga ukuta. Aliona kwamba fundi huinama kwa kila tofali. Matofali yalipowekwa juu ya jukwaa, karibu na kimo cha mikono, miondoko ya kulaza tofali moja ilipungua kutoka 18 hadi 5 hivi. Kazi iliongezeka bila fundi kuchoka zaidi.

Masomo yenyewe

Hapa nchini, Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na mwaka 2001 kikaingia katika Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Uhandisi wa viwanda ni miongoni mwa shahada zake, nayo huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma hisabati, takwimu, ufundi wa mitambo, gharama za uzalishaji, udhibiti wa ubora na upangaji wa kazi, tena hupelekwa viwandani kujifunza kwa vitendo. Kijana anayeikusudia elimu hiyo yampasa ashike hisabati na fizikia tangu sekondari.

Jani halingoji

Wilayani Rungwe, ambako viwanda vya chai vilijengwa Katumba na Mwakaleli, jani bichi hupita mikono mingi: mchumaji, mpimaji, mwandishi wa stakabadhi, dereva na kiwanda. Jani lililoshindiliwa katika gunia hupata joto na kuharibika baada ya saa chache. Kilo 5 hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu; hivyo kilo 3,000 zikiharibika, takriban kilo 600 za chai zimepotea, pamoja na nguvu za waliozichuma.

Inapotokea hivyo, kila mmoja humlaumu mwenzake. Mhandisi wa viwanda huanza kwa kuhesabu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyepesi: wastani wa watu walio katika foleni ni sawa na idadi ya wanaofika kwa saa, mara muda ambao kila mmoja hungoja. Tuseme katibu amehesabu foleni kila robo saa kutwa nzima akapata wastani wa watu 20, na daftari la mizani linaonyesha wakulima 30 kwa saa. Gawanya 20 kwa 30: kila mkulima amengoja dakika 40.

Hatua ya pili ni kutafuta mahali panapobana. Kama foleni iko mizanini na lori limesimama tupu, mzani wa pili au mwandishi wa pili atasaidia. Kama magunia yamekwisha pimwa lakini lori halijafika, mzani wa pili ni fedha iliyotupwa. Na kama malori yanajazana langoni kwa sababu vitanda vya kunyaushia majani kiwandani vimejaa, kuwahisha lori hakutafaa kitu. Dawa ni vituo kupeana zamu za siku za kuchuma. Sehemu yoyote isiyobana, hata ikiongezewa nguvu, haiharakishi safari nzima.

Wajibu wa vyama

Katibu hahitaji shahada ili aanze. Daftari lenye saa ya kufika kwa majani, saa ya kupimwa, saa ya lori kuwasili na saa ya kuondoka latosha. Likijazwa kwa uaminifu msimu mzima, hasa miezi ya mvua nyingi barabara zinapoharibika, chama kitakwenda kwenye mazungumzo na mnunuzi kikiwa na hesabu mkononi badala ya malalamiko. Na siku kijana wa Rungwe atakaporudi na shahada hiyo, atakuta kazi yake imekwisha anzwa.