Rangi ya gari la zamani ikipauka, usikimbilie msasa

Vijana wengi wanaojifunza ufundi wa bodi hufundishwa msasa kwanza. Gari likija limepauka, wanalikwangua, wanapiga praima, wanapuliza rangi mpya, kazi imekwisha. Kwa pikapu ya kubebea mahindi hakuna ubaya. Lakini yapo magari ambayo ukiyafanyia hivyo umemharibia mwenyewe mali yake, na huna namna ya kumrudishia.

Mfano ni Datsun 240Z, gari dogo la michezo la milango miwili lililoanza kutengenezwa Japani mwishoni mwa 1969. Afrika Mashariki wazee wanalikumbuka kwa sababu lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Dereva wa ushindi wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilihamia Kenya mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia. Baadaye alishinda Safari mara nne nyingine. (Sisi wakimbizi tuna haki ya kulitaja hilo.) Gari la aina hii likiwa bado na rangi yake ya kiwandani, wapenzi wa magari ya zamani hulithamini kuliko lililopakwa upya, hata kama rangi ina mikwaruzo.

Rangi inapaukaje? Magari mengi ya miaka ile yalipakwa rangi ya aina moja tu, bila klia juu yake. Jua kali huvunja gundi inayoshika chembe za rangi. Sehemu ya juu inakauka, inakuwa kama chaki, na nyekundu inageuka waridi. Boneti na paa huumia kwanza. Lakini kilichokufa ni utando mwembamba tu. Fungua mlango utazame upande wa ndani, au inua mkeka wa buti: hapo utaiona rangi halisi ambayo jua halikuifikia. Hiyo ndiyo unayoitafuta.

Kabla ya kukubali kazi, fanya jaribio. Chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikipata rangi ya gari, hakuna klia, na unaweza kuendelea. Kikibaki cheupe, huenda kuna klia. Na ikiwa klia hiyo inabanduka kama ngozi ya nyoka, polishi haitasaidia, mwambie mwenye gari ukweli. Ukiona praima ya kijivu au chuma, simama hapo hapo. Rangi za metaliki zina vumbi la alumini ndani yake na ni rahisi kuzitia madoa, kwa hiyo anayeanza asizishike peke yake.

Kazi yenyewe hufanyika kivulini, bodi ikiwa imepoa. Osha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Tumia sabuni ya magari. Ile ya unga ya kufulia ni kali mno. Likikauka, paka polishi laini yenye mafuta mengi, isiyo na chenga za kukwangua. Ipake kwa mkono, nzito, kisha iache usiku kucha. Hapa ndipo wengi wanashindwa kuvumilia. Rangi iliyokauka inayanywa mafuta yale polepole, na kesho yake inakuwa haivunjiki ovyo unapoisugua.

Siku ya pili futa, kisha sugua kwa polishi nyepesi, sehemu ya nusu mita kwa nusu mita kila mara. Kitambaa kitakuwa chekundu kama kimechovywa damu. Usiogope, ni ile chaki inatoka, ila badilisha kitambaa mara kwa mara. Kingo na mikunjo ya bodi zibandike tepu ya karatasi, kwa maana hapo rangi ni nyembamba zaidi. Rangi nzima ya gari, pamoja na praima, mara nyingi ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Mashine ya kusugulia iliyoshikwa vibaya inaimaliza kwenye ukingo kwa sekunde chache. Mkono unachosha, lakini unakupa nafasi ya kuacha mapema. Maliza kwa nta, na uirudie kila baada ya miezi michache.

Kuna hatari moja isiyoonekana. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, yaani ile metali yenye sumu, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Usipige msasa mkavu kwenye rangi hiyo, usifanyie kazi mahali watoto wanapocheza, nawa mikono kabla ya kula, na vitambaa vya kazi visifuliwe kwenye beseni la nguo za nyumbani.

Wapo wanaopaka dizeli ili gari ling'ae. Linang'aa mpaka jioni, kisha vumbi linaganda. Mafuta ya breki ndiyo mabaya kabisa, yanabandua rangi.

Kama huna gari la kujifunzia, anza na tangi la pikipiki kuukuu lililopauka, ukifanya nusu moja na kuacha nyingine ilivyo. Mteja wa kwanza atakayetaka kuona kazi yako, mwonyeshe tangi hilo.