Joe Mullen: Hakuchaguliwa, akafunga mabao 502

Kila mwaka timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, huchagua vijana kwa zamu. Jina la Joe Mullen halikutajwa kamwe. Alikuwa mfupi kwa mchezo huo, tena mtoto wa Hell's Kitchen, mtaa wa New York ambako hoki ilichezwa barabarani kwa viatu vya magurudumu, wakipiga roli ya tepu ya fundi umeme.

Mwaka 1979, akitoka Boston College, alitazamiwa kuwania nafasi katika timu ya Olimpiki. Baba yake akaugua. Familia ilihitaji fedha, naye akasaini mkataba na St. Louis Blues, waliompeleka kwanza ligi ya chini, Salt Lake City. Akiwa huko, vijana wa Marekani wakatwaa dhahabu ya 1980. Hasara kubwa kwa mchezaji yeyote.

Lakini mabao hayakukauka. Alibeba Kombe la Stanley mara 3: Calgary 1989, Pittsburgh 1991 na 1992. Machi 1997 akawa mzaliwa wa kwanza wa Marekani kufikisha mabao 500, akastaafu mwaka huohuo.