Piza Huliwa Karibu na Tanuri

Ukiingia kwenye mkahawa wa piza wa mtaani kwako, usikimbilie menyu. Angalia kwanza tanuri liko wapi, kisha omba meza iliyo karibu nalo. Piza ni mkate, na uzuri wa mkate huu hudumu dakika chache tu baada ya kutoka motoni. Anayeila nyumbani kutoka kwenye boksi anakula chakula kingine, hata kama ametozwa bei ileile.

Siri ya kwanza ni joto. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984 ili kulinda piza ya jiji hilo, kinataka tanuri lifike takriban nyuzi 430 hadi 480 za Selsiasi, na piza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni ya nyumbani kwa kawaida huishia karibu na nyuzi 250. Katika joto la tanuri, maji yaliyomo kwenye kinyunya hugeuka mvuke ghafla na kuuinua ukingo kabla ganda halijakaza. Nje panapata rangi upesi, ndani panabaki na unyevu wa kutosha kuufanya mkate uwe laini. Katika oveni ya nyumbani piza hiyohiyo huhitaji dakika kadhaa ili ipate rangi, na muda wote huo maji yanazidi kuitoka. Ikifika mezani imekauka na inavunjika.

Mtazame mwokaji anavyofanya kazi. Anaiteremsha piza kutoka kwenye kibao chenye mpini mrefu hadi juu ya matofali ya moto. Moto wa kuni uko upande mmoja, kwa hiyo ukingo unaouelekea huvimba na kutoa madoa meusi mapema. Baada ya muda mfupi huinyanyua kidogo, akachungulia chini, kisha akaigeuza ili upande uliopauka nao uone moto. Mwokaji mzuri huirudisha palepale ilipokuwa, maana tofali la pembeni lina joto zaidi na lingeunguza kitako. Lakini piza inayofuata huiweka mahali pengine, kwa sababu sehemu iliyotoka kuoka imekwisha kupoteza joto na inahitaji kupumzika. Ndiyo maana jioni ya Jumamosi, mkahawa ukizidiwa na wateja, utaletewa piza yenye jibini lililoiva na kitako cheupe. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza sanaa ya waokaji piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni, na naona ilifanya haki, kwa kuwa ujuzi huu umo mikononi na machoni mwa mtu.

Siri ya pili ni muda wa kinyunya kulala. Muulize mhudumu bila haya: kinyunya chenu huumuka kwa saa ngapi? Hamira hula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa gesi, hilo tunalijua sote tunaopika maandazi. Lakini ladha huja polepole zaidi. Kinyunya kikilala saa nane, au usiku kucha kwenye baridi, asidi kidogo hujengeka, vimeng'enya huvunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayosaidia ganda kupata rangi na harufu. Anayetaka kuuza kinyunya cha saa moja hulazimika kuongeza hamira, na utainusa kwenye tonge la kwanza.

Kuhusu vinavyowekwa juu ya kinyunya, natofautiana na wapenzi wa piza iliyorundikiwa kuku, nyama ya kusaga, uyoga, pilipili hoho na vitunguu kwa pamoja. Mboga mbichi hutoa maji, na jibini bichi pia lina maji mengi. Maji hayo yote huishia juu ya mkate ambao una dakika moja na nusu tu ya kuiva. Matokeo yake ni katikati mbichi, panapolegea ukishika kipande. Mara ya kwanza unapoujaribu mkahawa, agiza Margherita, yenye nyanya, jibini na majani ya basili. Haina pa kuficha kosa. Inua kipande utazame chini: unataka madoa ya hudhurungi yaliyotawanyika, na weusi kidogo hapa na pale.

Boksi nalo lina madhara yake. Piza ya moto hutoa mvuke, karatasi huuzuia, nao hurudi kwenye ganda. Bodaboda akifika, ukingo uliokuwa na ukakamavu umekuwa kama ngozi, na jibini limeanza kuganda. Wachuuzi wa Forodhani, Unguja, hawana shida hiyo. Ile wanayoiita piza ya Zanzibar, iliyo jamaa ya karibu ya mkate wa mayai wa Mombasa, hukunjwa na kukaangwa kwenye chuma mbele ya mteja, naye huila papo hapo ikiwa bado ya moto.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya ukubwa. Piza ya kipenyo cha sentimita 30 ina eneo la sentimita za mraba 707 hivi. Ya sentimita 20 ina 314. Kwa hiyo mbili ndogo hazifikii moja kubwa, hata tangazo liwe na maneno matamu kiasi gani.

Vikibaki vipande, chukua nyumbani, ila usivitie kwenye maikrowevu. Viweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, funika dakika chache, ganda litakauka na jibini litayeyuka. Lakini ile ya kwanza, iliyotoka sasa hivi, ile hapohapo mezani. Simu na picha vingoje.