Sabuni ya Mtungi au ya Dukani? Hesabu ya Nyumba za Meru na Embu

Muuzaji wa sabuni ya maji katika soko la Gakoromone mjini Meru hutaja bei kwa lita. Supamaketi huandika bei kwa chupa. Anayejitengenezea nyumbani naye hujumlisha gharama zake kisha akagawa kwa mtungi wa lita 20. Wote watatu, kwa sehemu kubwa, wanapima maji, na maji mkazi wa Embu anayafungulia bombani kwake. Kinachostahili kulinganishwa ni kiini kinachong'oa mafuta kwenye sahani. Hesabu ikianzia hapo, aliyeonekana rahisi huenda akawa ghali kuliko wote.

Tuchukue mtungi ambao wengi hutengeneza. Ndani yake kuna kilo moja ya Ungerol, ule uji mzito wenye takribani asilimia 70 ya kiini. Nusu kilo ya Ufacid, asidi nzito ya rangi ya kahawia. Magadi ya kuiua asidi hiyo. Chumvi ya kuipa sabuni uzito. Rangi na marashi kidogo. Kilichobaki ni maji. Ukijumlisha, kiini chote ni kama kilo 1.2 katika lita 20, yaani karibu asilimia 6. Sabuni nyingi nzito za kuoshea vyombo zinazotoka viwandani huwa na asilimia 10 hadi 20, na nyingine hupita hapo.

Sasa tuweke shilingi. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hizi ni za mfano tu, nawe weka za duka lako. Tuseme vifaa vyote pamoja na nauli ya kuvifuata vimekula shilingi 900. Hiyo ni shilingi 45 kwa lita. Chupa ya lita moja ya supamaketi tuseme ni shilingi 250. Kwa macho, ya nyumbani imeshinda zaidi ya mara tano. Lakini lita yako ina gramu 60 za kiini, na ya dukani, ikiwa ni ya asilimia 15, ina gramu 150. Gramu moja ya kwako imegharimu senti 75, ya dukani shilingi 1.67. Bado umeokoa zaidi ya nusu, na hiyo si haba kwa nyumba yenye watoto wa shule na sare za kufua kila jioni. Ila ile ndoto ya mara tano haipo, kwa sababu utamimina sabuni yako mara mbili na zaidi kwa kazi ileile.

Mfikirie sasa muuzaji wa kando ya barabara anayeuza lita kwa shilingi 60. Akiwa mwaminifu na mtungi wake uko kama wako, mnunulie bila wasiwasi. Amekuondolea usumbufu kwa shilingi 15. Lakini kama vifaa vya mtungi mmoja amevigeuza kuwa mitungi miwili, umepata gramu 30 kwa shilingi 60, shilingi mbili kwa gramu. Hapo unalipa zaidi ya anayenunua supamaketi. Ni sawa na maziwa yaliyoongezwa maji: kipimo ni kilekile, malai hakuna.

Na jicho halitakusaidia. Uzito wa sabuni si ushahidi wa nguvu, kwa kuwa chumvi huifanya ivutike, na unga wa CMC huifanya nzito hata kama kiini ni kidogo. Povu nalo hudanganya. Jaribio linaloaminika ni la sahani. Paka sahani kadhaa kiasi kilekile cha mafuta ya kupikia, weka kijiko kimoja cha sabuni katika beseni la maji ya kipimo kimoja, kisha osha moja baada ya nyingine mpaka vidole vianze kuteleza kwa mafuta. Hesabu sahani. Rudia kwa sabuni ya pili, maji yakiwa na joto lilelile. Gawa bei ya kijiko kwa idadi ya sahani, na jibu umelipata jikoni kwako.

Gharama inayosahauliwa zaidi ni safari. Kutoka Embu hadi Nairobi ni karibu kilomita 130, na kutoka Meru ni zaidi ya 220. Kwenda kununua vifaa vya mtungi mmoja ni kumlipa dereva wa matatu akiba yote uliyotarajia. Nunua mjini kwako hata kama kilo imepanda kidogo, au mfanye kama chama: mmoja mwenye shughuli zake Nairobi arudi na vifaa vya mitungi mitano. Chama kina faida nyingine. Familia moja huchukua muda mrefu kumaliza lita 20, na sabuni isiyo na kihifadhi hubadilika harufu na kuanza kutengana. Wanawake watano wakigawana lita nne nne, inaisha ikiwa bado nzima.

Ubora wa mtungi wenyewe unategemea mizani kuliko mkono. Nusu kilo ya Ufacid inahitaji takribani gramu 80 za magadi makavu ya kiwandani ili asidi iishe. Yakipungua, sabuni inabaki na asidi. Yakizidi sana, inababua vidole. Yatie kidogo kidogo, maana mchanganyiko hutoa gesi na kufura, kisha pima kwa karatasi ya kupimia asidi kabla ya kuweka chumvi. Karatasi hizo hugharimu kidogo kuliko dawa ya mikono iliyopasuka.

Sabuni ya kipande ni habari nyingine, na hapa msimamo wangu ni mkali zaidi. Kutengeneza kipande kwa mafuta ya kupikia ya dukani ni hasara. Kilo moja ya mafuta, ikiwa imekugharimu shilingi 300, pamoja na soda kostiki ya shilingi 40, hukupa kama kilo 1.2 ya sabuni iliyokauka. Hiyo ni zaidi ya shilingi 280 kwa kilo, wakati kipande cha dukani cha uzito huo huenda ukakipata kwa 200. Kiwanda hununua mafuta ya mawese kwa tani; huwezi kushindana nacho ukiwa na chupa ya lita moja.

Hesabu hugeuka pale tu unapopata mafuta ya ng'ombe kwa bei ndogo kutoka buchani. Kilo ya mafuta hayo huhitaji gramu 130 hadi 135 za kostiki, na sabuni isubiri kukauka wiki nne au zaidi. Usibadilishe mafuta bila kubadilisha kipimo: kilo ya mafuta ya nazi hutaka karibu gramu 180. Na usithubutu kutumia sufuria zetu za alumini. Kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo imara ya plastiki, vaa glavu na miwani, mimina kostiki ndani ya maji na kamwe usimimine maji juu ya kostiki.

Kabla hujaamua kati ya kipande na sabuni ya maji, angalia pia maji ya kwenu. Mito itokayo Mlima Kenya, kama Rupingazi unaopita Embu na Kathita wa Meru, ina maji laini, na kipande hutoa povu upesi. Ukiteremka Mbeere, baadhi ya visima vina maji magumu. Kipande huganda na kuacha utando kwenye nguo, na nusu ya sabuni hupotea kabla ya kufua chochote. Huko sabuni ya Ungerol huvumilia zaidi, na mtungi una maana zaidi kuliko mjini.

Mafuta ya kujipaka ndiyo ningeyaanza mapema, kwa sababu hayahitaji kemikali kali na malighafi iko karibu. Nta ya nyuki kutoka mizinga ya Mbeere au Tharaka, sehemu moja kwa sehemu nne za mafuta ya makadamia, parachichi au mbarika, huyeyushwa katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, na baridi ya Timau haikupasui midomo. Mbarika ni mafuta ambayo wazee wa pande hizi walijipaka kabla ya kopo la dukani kufika. Nunua yaliyokwisha kukamuliwa, kwani mbegu zake mbichi zina sumu kali. Kwa bei peke yake, hata hivyo, jeli ya petroli bado ni rahisi. Arimis, mojawapo ya jeli hizo, ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe na sasa inapakwa na nyumba nzima. Tengeneza ya nta kwa sababu unaipenda au kwa sababu nta na mafuta ni vya shambani kwako.

Usitie maji wala utomvu wa mshubiri ndani ya mafuta hayo, maana chochote chenye maji huota ukungu bila kihifadhi. Mshubiri wa porini usiung'oe hata kidogo: uvunaji wake ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986, na tangu 2007 una kanuni zake za kibali. Panda wako.

Dawa ya kuua vijidudu nunua dukani, ikiwa imefungwa na ina tarehe. Klorini hupoteza nguvu kwa joto na mwanga, na chupa angavu iliyoanikwa juani kibandani huenda imebaki harufu tu. Mtu akisafisha choo cha mgonjwa kwa maji hayo anajiamini bure. Spiriti isiyo na lebo iache pia, kwani huenda ina methanoli. Mwezi Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu Embu na kaunti nyingine, na methanoli hupita hata kwenye ngozi.

Ukianza kuuza mtungi wako, sheria inadai alama ya usanifishaji ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mnunuzi naye anaweza kutuma namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Na iwe ya kuuza au ya nyumbani, usiitie katika chupa ya soda. Tafuta chombo kisichofanana na cha kinywaji, andika jina la kilichomo kwa kalamu isiyofutika, na kostiki iliyobaki uifungie mahali mtoto hafiki.